Jogoo Niliyempelekea Nesi

Mjukuu wangu alichomwa sindano ya kichaa cha mbwa mara tatu, na hajawahi kuumwa na mbwa hata mara moja. Nyumbani kwangu mbwa hatufugi. Aliyempeleka kuchomwa ni mimi, kwa gari langu, kwa mafuta yangu, nimevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne. Naandika haya nikiwa na hasira. Anayetaka maandishi ya upole akamtafute mwalimu mstaafu.

Kwanza mnijue, maana hapa kijijini kwetu, upande huu wa Handeni, habari isiyokuwa na mimi ndani yake ni nusu habari. Shule niliacha darasa la nne. Nikaenda Ngombezi kukata mkonge, nikalala kwenye makambi ya vibarua, na mpaka leo viganja vyangu ukivishika utadhani umeshika gome la mti. Nikatoka hapo nikaenda Mombo, nikawa nauzia abiria machungwa kwenye madirisha ya mabasi. Muulize mtu yeyote wa wakati ule. Basi lilikuwa halijasimama vizuri, mimi beseni langu liko tupu. Kutoka kwenye beseni nikapata baiskeli, kutoka kwenye baiskeli mashine ya kusaga, kisha ya pili, kisha pikapu, kisha nyumba hii ya bati la rangi ambayo wapita njia wanadhani ni ofisi ya serikali. Wenye vyeti vyao wanakuja kwangu kusaga mahindi na wanapanga foleni kama watu wengine.

Siri yangu ni moja, na siionei haya. Sijawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Wazee walishasema mkono mtupu haulambwi. Nilipotaka kibanda cha mbele sokoni nilipeleka mbuzi. Nilipotaka fundi aiache mashine ya mwenzangu aje kwenye yangu nilipeleka tenga la machungwa. Kwetu hiyo tunaita kuongea na mtu. Nimeongea na watu maisha yangu yote, na wote walinielewa.

Basi siku watu wa utafiti walipokuja kutoka Korogwe na kuita mkutano, mimi nilikaa mbele. Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi, tumebanana kwenye madawati ya watoto magoti yamegusa kidevu. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Akasema kuna chanjo ya malaria inajaribiwa kwa watoto wadogo, ili ugonjwa uzuiwe kabla haujaanza, siyo kusubiri mtoto aanguke ndipo tukimbie na dawa. Kila mtoto atachomwa mara tatu, mwezi kwa mwezi, halafu atafuatiliwa muda mrefu, na akipata homa wakati wowote aletwe Korogwe, kuna watu wanamsubiri.

"Hiyo damu mnayochukua mnaipeleka wapi?" mama mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Maabara, mama. Kidogo tu, chini ya kijiko. Tunaangalia vijidudu."

"Leo kijiko. Kesho mtataka beseni."

Watu wakaangua kicheko, na nikaona wanawake wanaanza kufunga vizuri mbeleko zao waondoke. Hapo nikasimama. Ninaposimama mimi, watu hukaa.

"Mnaogopa kijiko cha damu," nikawaambia, "na mbu wanawanyonya kila siku bila fomu? Mimi hapa, mtoto wa kwanza kuandikwa ni mjukuu wangu. Na gari la kuwapeleka Korogwe ni langu. Anayebaki abaki na ujinga wake."

Wakakaa. Kijana wa miwani akanishukuru mbele ya watu. Kisha akasema jambo ambalo nataka mlisome polepole, kwa sababu mimi nililisikia kwa sikio moja. Alisema chupa ziko mbili. Moja ina chanjo ya malaria inayojaribiwa. Nyingine ina chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo imetumika siku nyingi na inajulikana. Kila mtoto atapata moja kati ya hizo. Nani anapata ipi, kompyuta imeshapanga, kama kura. Daktari hajui, nesi anayemshika mtoto hajui, mzazi hajui, mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo kila mtoto aendelee kulala kwenye chandarua.

Alipotaja kichaa cha mbwa darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Jirani yangu akabweka.

Mimi nilichoelewa ni hiki: hapa duniani hakuna kitu ambacho hakuna anayekijua. Mtu akikwambia hajui, maana yake hajakujua wewe.

Fomu zikagawiwa. Mjukuu ni wa binti yangu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kushindikana, na yeye alimaliza kidato cha nne. Alisoma karatasi zote, ukurasa kwa ukurasa, anauliza maswali mpaka nikamfinya bega. Wamama wengine hawakujua kusoma. Sheria yao ilikuwa hivi: asiyejua kusoma anasomewa, anaweka dole gumba, na mtu wa nje asiye wa utafiti anasaini kwamba ameshuhudia, mama huyu ameelezwa na ameelewa. Huyo mtu wa nje nikawa mimi. Saini yangu ina mkia mrefu, niliibuni mwenyewe. Niliisaini siku ile mpaka kalamu ikaanza kukwama. Mama akisita, namwambia, "Mimi nimeshaelewa, weka dole." Anaweka.

Nilichokuwa nimeelewa Mungu ndiye anajua.

Wiki moja kabla ya sindano ya kwanza nilimpelekea nesi jogoo. Nesi alikuwa mama wa makamo, Msambaa wa Vugiri, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili. Jogoo alikuwa mwekundu, mkubwa, mwenye upanga wa kichwani uliolala upande, na pamoja naye gunia la machungwa. Nikamkuta nesi kwenye kibaraza cha kliniki yao pale Korogwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuongea kuhusu mjukuu wangu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Nataka apate chupa yenyewe."

Akaniangalia, akamwangalia jogoo. "Mzee, mimi sijui chupa ipi ni ipi. Hata nikitaka kukusaidia, siwezi. Bomba linaletwa limeshafungwa plasta, hatuoni hata rangi ya dawa."

"Najua hujui," nikamwambia, na nikamkonyeza.

"Mzee, nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli. Najua hujui." Nikaweka jogoo chini, miguu imefungwa, nikaweka gunia, nikaondoka kabla hajaongeza neno. Hivyo ndivyo inavyofanyika. Mtu mwenye heshima hakubali mbele yako, anakataa kwa mdomo, anapokea kwa ukimya. Nilirudi nyumbani naendesha kwa mkono mmoja, nimeridhika.

Siku ya sindano niliwapeleka wamama kwenye pikapu, wamekaa nyuma juu ya magunia, watoto mgongoni. Nesi alimchoma mjukuu wangu pajani. Kweli bomba lilikuwa limezungushiwa plasta nyeupe. Mtoto alilia, nesi akampepea, kisha akanitazama mimi kwa jicho fulani. Nikasema moyoni, ameelewa. Na wale wamama wote kwenye benchi walikuwa wanakula machungwa. Machungwa yangu. Nikaona huyu mama ni mtu mzima, amegawa ili kufunika mambo.

Baada ya sindano ya tatu nilitoa chandarua juu ya kitanda cha mjukuu.

Niseme kwa nini. Nilikuwa nimeanzisha kuku wa kienyeji, vifaranga wengi, na mwewe wa hapa kwetu ni wevi waliokubuhu. Anashuka mchana kweupe, unabaki na manyoya. Chandarua kile walichotupatia watu wa utafiti kilikuwa kipya, kigumu, matundu madogo. Nikakitandaza juu ya uzio wa vifaranga, nikakifunga kwa kamba za mkonge. Mwewe alikuja akatua juu ya mti, akatazama, akaondoka. Niliwaita majirani waje waone.

Binti yangu aliporudi kutoka kisimani akakuta hivyo.

"Baba, walisema alale ndani ya chandarua."

"Walisema kwa wale ambao hawajaongea na mtu."

"Baba, umeongea na nani?"

"Wewe una kidato cha nne, mimi nina darasa la nne. Nani mwenye gari?"

Akanyamaza. Kila nikimwambia hivyo hunyamaza. Zamani nilidhani ni kwa sababu hana jibu.

Mvua za masika zikaja, mahindi yakasimama, maji yakatuama kila mahali. Siku moja nilikuwa Handeni mjini natafuta mkanda wa mashine. Ilikuwa saa nne asubuhi, niko dukani nimeshika mkanda napima urefu kwa mikono, simu ikalia. Alikuwa dada yangu mkubwa, anayekaa kwangu.

"Mwanao amekimbia na mtoto!" anapiga kelele. "Mtoto ana degedege, macho yamegeuka, na yule kichaa anampeleka hospitali! Watamchoma sindano! Mpigie, mwambie arudi haraka!"

Nilisimama pale dukani na mkanda mkononi.

Kuna jambo silisemi hapa kijijini. Binti huyu siye mzaliwa wangu wa kwanza. Wa kwanza alikuwa wa kiume, alizaliwa Ngombezi, kambini, wakati nakata mkonge. Akiwa na miaka miwili, alishikwa na homa asubuhi, jioni akaanza kukakamaa na kurusha mikono. Dada yangu alikuwepo, na wamama wa kambini walikuwepo, wote wakasema ni degedege, na mwenye degedege akichomwa sindano anakufa palepale. Wakamfunika blanketi, wakamfukiza moshi wa mavi ya tembo. Mke wangu alitaka kumnyanyua ampeleke zahanati ya shamba. Zahanati ilikuwa karibu kiasi kwamba ungeita, wangekusikia. Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, mikono ya mkonge, nikatanua miguu nikamwambia mke wangu, hupiti hapa.

Hakupita. Tulimzika mtoto kesho yake.

Dada yangu alikuwa ananiambia maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Nikakata simu, nikampigia binti yangu. Ikaita, ikaita, hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea. Na mpaka leo ninapoandika haya, sijui kama angepokea ningemwambia nini. Mtu mzima kama mimi, najua bei ya kila kitu kutoka Mombo mpaka Handeni, na hilo silijui. Linanikera kuliko yote.

Niliendesha kama mwendawazimu. Korogwe nikakuta pikipiki ya Mmasai nje ya wodi ya watoto, ni yule jamaa anayepita kila asubuhi na madumu ya maziwa. Alikuwa amekaa chini, shuka lake la rubega limelowa matope.

"Mzee, nimewaleta," akasema. "Maziwa nimeyaacha barabarani kwako. Ng'ombe watatoa mengine."

Ndani, mjukuu wangu alikuwa kitandani na dripu mkononi, mdogo kama kipande cha sabuni kilichoisha. Alikuwa anapumua. Baadaye waliniambia damu ilikuwa imemwishia kwa malaria, wakamwongezea. Kijiji kilisema watachukua damu. Siku ile waliingiza.

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, miguu yote matope mpaka magotini. Kadi ya utafiti ilikuwa bado mkononi mwake. Alisema alipofika getini aliionyesha tu, wakasoma namba, watu wakaja mbio.

Nesi wa Vugiri alikuwa amesimama upande wa pili. Na mimi, badala ya kumshukuru Mungu, nikafunguka.

"Wewe mama! Nilikupa jogoo!"

Wodi nzima ikageuka. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akafunika titi.

"Jogoo yupi, mzee?"

"Usinifanye mtoto! Jogoo mwekundu! Na gunia la machungwa! Tuliongea mimi na wewe, nikakwambia mjukuu wangu apate chupa yenyewe, na sasa ana malaria! Umempa nani chupa yake?"

Nesi hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Machungwa niliwagawia wamama siku ya sindano, na niliwaambia yametoka kwako, wakakuombea dua. Jogoo nilimrudisha siku ileile uliyomleta, binti yako alikuja na kadi ya kliniki, nikampa aende naye. Nilimwambia akueleze."

Nikamgeukia binti yangu.

"Yule mwekundu pale uani, baba," akasema bila kuniangalia. "Anakuamsha kila alfajiri."

Mimi nafahamu kuku wangu mmoja mmoja. Najivunia hilo mbele za watu. Na yule jogoo nilikuwa nimemwona, nikasema huyu amefanana sana na yule mwingine, damu nzuri inaendelea. Kuna mtu kwenye kitanda cha jirani alianza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

"Basi sikilizeni nyote," nikasema, na nikainua kidole. "Huyu mtoto namtoa kwenye utafiti leo. Na wale wote niliowaleta nawatoa. Gari langu halitabeba mtu tena kuja hapa. Tuone mtamchoma nani!"

Na nilikuwa naweza. Nawaambia ukweli, nilikuwa naweza. Wamama wale walikuja kwa neno langu na kwa pikapu yangu, na neno langu lingetosha kuwarudisha. Nesi alijua. Nilimwona anajua.

"Kutoka ni haki ya mzazi," akasema taratibu. "Wakati wowote, bila sababu. Mzazi akisema." Akamtazama binti yangu.

Binti yangu akasimama. Ni mrefu kuliko mimi kidogo, jambo ambalo huwa silisemi.

"Mimi ndiye niliyesaini, baba. Mtoto hatoki."

"Gari ni langu!"

"Gari ni lako. Leo nimekuja na pikipiki ya maziwa." Kisha akasema polepole, maneno ambayo kumbe alikuwa ameyakalia miaka yote, "Marehemu mama aliniambia kuhusu kaka yangu. Aliniambia ulisimama wapi."

Wakati huo nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa wodi. Sikuwa nimepanga. Nilisimama tu hapo kwa sababu ndipo niliingilia. Lakini miguu yangu ilikuwa imetanuka, na nesi mwingine alikuwa nyuma yangu na sinia la dawa anasema, "Samahani, mzee, nipishe," na nadhani alikuwa ameshasema mara nyingi.

Nikapisha.

Sikuomba msamaha. Mimi siombi msamaha wodini mbele za watu. Nilitoka, nikamchukua yule Mmasai, nikapakia pikipiki yake nyuma ya pikapu, tukarudi tukayatafuta madumu yake. Moja lilikuwa limepinduliwa na mbuzi. Alipoteremka alisema, "Binti yako angekuwa Mmasai angekuwa na ng'ombe wengi."

Walipotoka hospitali, binti yangu aliteremka garini na mtoto mgongoni, hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la vifaranga na kisu cha jikoni, akakata kamba za mkonge moja baada ya nyingine, akakivuta chandarua chote na mavi yake ya kuku. Vifaranga wakatawanyika uani. Dada yangu akapiga yowe kwamba mwewe atawamaliza. Binti akakitia kwenye beseni akaanza kukifua. Nilikuwa nimekaa kibarazani nakunywa chai. Nikaendelea kunywa chai. Jogoo mwekundu akapita mbele yangu, anatembea kama mwenyekiti wa kijiji.

Na zamu ya watoto kwenda Korogwe kupimwa ilipofika, niliwasha gari. Niliwapeleka wote. Nilikuwa nimekunja uso na nilifoka njia nzima, aliyegusa kioo nilimfokea, aliyetapika nilimfokea, lakini niliwapeleka, na zamu iliyofuata pia, mpaka wakamaliza.

Siku ya mwisho wakatuita tena kwenye lile darasa, wazazi mmoja mmoja, kila mtu anaambiwa mtoto wake alikuwa chupa ipi. Binti yangu aliniruhusu niingie naye. Aliniruhusu, sikilizeni maneno hayo. Nesi akafungua karatasi.

"Huyu alikuwa kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa."

Nikauliza, "Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Mlikuwa na dawa ya malaria kwenye sanduku, na mjukuu wangu yuko hapo, na mkampa ya mbwa."

"Hatukujua kama ni dawa, mzee. Ndiyo tulikuwa tunatafuta. Wote wangepata ile moja, tungelinganisha na nani?"

"Mngelinganisha na watoto wa hao waliowatuma."

"Kwao hakuna malaria. Hata kwetu Vugiri, kule juu kwenye baridi, mbu ni wachache. Jibu liko hapa kwenu kwenye joto."

"Kwa nini jibu linakuwa kwetu kila siku? Kwa nini siku moja lisiwe kwa wengine?"

Hakunijibu, na ninamheshimu kwa hilo, kwa sababu angejibu kitu cha kijinga ningemtupia dawati. Hasira hiyo ninayo mpaka leo na siitoi. Watoto wetu walisimama pande mbili, wengine nyuma ya ukuta wa chanjo na wengine mbele yake, ili ijulikane kama ukuta upo. Upo. Walituambia waliopata ile ya malaria waliugua kidogo kuliko hawa wa kundi letu la mbwa. Hata hao waliugua, ukuta una matundu. Lakini upo, na mjukuu wangu ni mmoja wa waliosimama mbele yake mvua zote zile, na mimi ndiye niliyemvua chandarua. Hilo siwezi kumfokea mtu yeyote. Nimejaribu.

Wakasema walioko kundi la mbwa sasa watapewa ile ya malaria, mzazi akitaka. Binti akasoma karatasi zote tena, akasaini. Mimi nilikaa karibu naye. Nilikwenda mikono mitupu.

Mashineni walinicheka miezi. "Mzee, mjukuu haogopi mbwa tena!" Wengine wanabweka pikapu ikipita. Wabweke. Unga wanakuja kusagia kwangu.

Sasa mwaka huu wamekuja watafiti wengine, na sindano nyingine ya kuzuia, wanataka tena watoto, tena kwa kura. Juzi nilikuwa mashineni akaja baba mmoja wa kitongoji cha juu, kijana tu, ana bata kwapani. Akasubiri watu wapungue.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo bata unamsaga?"

Akacheka kwa adabu. "Mzee, wewe unajuana na wale wa Korogwe. Mwanangu ameandikwa. Nilikuwa naomba uniongelee, apate ile yenye dawa." Akamsogeza bata mbele.

Nikazima mashine. Wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

"Hakuna wa kuongea naye! Unanisikia? Daktari hajui, nesi hajui, anayechoma hajui! Ukimpelekea ng'ombe mzima hajui!"

"Najua hawajui, mzee," akasema, na Mungu ni shahidi yangu, akanikonyeza.

Nikamshika mkono. "Chandarua cha mwanao kiko wapi?"

"Kipo, mzee."

"Nimekuuliza kiko wapi, sijauliza kama kipo."

Akaangalia chini. "Nimefunika miche ya nyanya. Panzi wamezidi. Lakini mzee, si atachanjwa..."

Sikumsikiliza zaidi. Nikafunga mashine mchana kweupe na watu wako kwenye foleni, jambo ambalo sijalifanya tangu niinunue. Nikampakia kwenye pikapu, bata katikati yetu, nikapanda naye mpaka kitongojini kwake. Mkewe alikuwa mlangoni, amembeba mtoto, akanisalimia, sikuitika vizuri. Nikaenda bustanini nikapiga magoti kwenye tope na suruali yangu nzuri, nikaanza kung'oa vigingi.

"Mzee, nyanya zangu!" anasema nyuma yangu. "Mzee, panzi watakula zote!"

"Wale," nikamwambia. "Shika upande ule, uvute."